Julai Tatu za Kituo cha Nne

Prudencia Rwehumbiza ana miaka hamsini na tisa, na kazi yake ni kuhesabu viumbe ambavyo hakuna mwingine katika jengo lile anayeviangalia. Ni fundi wa maabara ya ziwa huko Ilemela. Kila mwezi huletewa chupa nne za maji. Huyatia iodini mpaka yafanane na chai ya rangi, huyaacha yatulie siku nzima, kisha huinamia hadubini na kuhesabu mwani mdogo usioonekana kwa macho. Hesabu huiandika daftarini kwa mkono: miaka kumi na tisa, bila mwezi hata mmoja wenye pengo. Desemba anastaafu. Mumewe alifariki zamani, na mwanawe aliyeko Dodoma hupiga simu Jumapili. Daftari hilo ndilo atakaloliacha.

Chupa tatu hutoka ghubani, ambako mito na maji machafu ya mji huulisha mwani mwaka mzima. Humo hutawala mwani wa kijani-bluu, unaojikusanya mabonge mabonge. Chupa ya nne hutoka kituo cha nne, kilomita arobaini nje, ambako nchi kavu haionekani. Huko mwani ni haba, hukua polepole, mpaka upepo wa Juni hadi Agosti ukoroge ziwa na kupandisha virutubisho kutoka chini. Hapo huzaliana mwani wa aina nyingine, wenye gamba kama kioo, mwembamba kama sindano.

Mwendesha boti, Shimba, ndiye pekee aliyekuwa akikaa ndani ya chumba kile zaidi ya dakika mbili. Akileta chupa, hunywa chai.

"Shikamoo mama. Wahaya bwana, mpaka maji mnayapa mtihani!"

"Marahaba. Nyie Wasukuma mnayanywa bila hata kuyauliza yametoka wapi."

Kwa Julai mbili mfululizo, sindano za kituo cha nne zilikuwa zimepungua. Prudencia aliandika taarifa kwamba ziwa huko mbali na nchi kavu linabadilika. Ilisomwa mkutanoni, akapigiwa makofi kwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

Julai mwaka huu alihesabu sindano saba tu. Katikati ya mabonge kama yale ya ghubani aliona kitu kingine: chembe nyeusi tii. Ni wanga. Iodini huugeuza wanga kuwa mweusi, uwe wa muhogo au wa mahindi. Kilomita arobaini nje hakuna mtu anayesuuza sufuria ya ugali.

Siku iliyofuata alimmiminia Shimba chai kwanza.

"Maji ya chupa ya nne umeyachota wapi?"

"Kituo cha nne, mama. Si nimeandika?"

"Umeandika. Lakini yana ugali."

Shimba alianza kucheka, kisha akaweka kikombe chini. "Mama, upepo ule. Mawimbi yanaingia botini. Nina watoto."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe hutaki pengo."

Prudencia alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Na mwaka jana?"

Shimba alikizungusha kikombe juu ya meza.

"Na mwaka juzi?"

"Mtihani nimefeli, mama," alisema Shimba, akatoka. Chai ilibaki nusu.

Hakuna ambaye angejua. Prudencia alichukua kalamu nyekundu, akakata mistari mitatu, na kando ya kila mmoja akaandika: Haikuchukuliwa, upepo. Jina la mtu hakuliandika. Kisha akamwandikia mkuu wake kwamba anaiondoa ile taarifa. Jibu lilikuwa neno moja: Sawa.

Siku hizi Shimba huacha chupa mlangoni, hubisha hodi mara moja na kuondoka.

Agosti, asubuhi upepo ulipotulia, Prudencia alivaa jaketi la kuokolea maisha akapanda botini. Hajui kuogelea. Walikwenda kwa muda wa saa mbili na nusu. Shimba alipozima injini, nchi kavu ilikuwa imetoweka pande zote. Prudencia aliinama, akachota mwenyewe, akafunga kifuniko. Akaiinua chupa kwenye mwanga. Kwa macho, yalikuwa maji tu.