Asiyepokelewa Kitu Mkononi

Nyumbani kwa Menno Hershberger, kahawa aliyoimimina Elmina lazima kwanza itue mezani. Anamimina, anaweka kikombe, anaondoa mkono, ndipo mama yake Sevilla anakinyanyua na kunywa. Elmina akijisahau akamnyooshea, Sevilla hukiangalia tu kikombe kile mpaka kishushwe. Si kwamba anamchukia. Elmina ni binti yake wa kwanza, na nikisema anampenda kuliko wengine sitakuwa nimetia chumvi. Lakini Elmina alibatizwa ukubwani katika kanisa la Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaoishi bila umeme wala magari, akaapa kwa magoti mbele ya kanisa kwamba hatatoka, kisha akatoka. Mtu kama huyo ametengwa. Hali meza moja na wengine, gari analoliendesha halipandwi, na kitu hakipokelewi kutoka mkononi mwake. Kumpa yeye, ruksa. Kupokea kwake ndiyo mwiko.

Wapenda visa wangetaka awe alitoroka usiku kupitia dirishani, mbwa wakimkimbiza. Wapi. Aliondoka asubuhi kweupe, baada ya kumaliza kukamua. Menno alikuwa mezani na sahani yake ya mayai.

"Baba, nakwenda mjini," Elmina akamwambia. "Nataka kusomea uuguzi."

"Umeshakamua?" Menno akauliza.

"Nimeshakamua."

Menno akaendelea kula. Sevilla alikuwa kawapa mgongo, anasugua sufuria iliyokuwa imeshatakata zamani. Hakuna aliyepaza sauti. Mimi naona ingekuwa nafuu kama wangegombana.

Chanzo cha yote ni mkoba wa mama yake. Sevilla ni mkunga, na nusu ya watoto wa bonde lile waliuona uso wake kabla ya nyuso za mama zao. Elmina alimbebea mkoba tangu alipomaliza darasa la nane, ambako ndiko shule yao inakoishia. Akajifunza kuchemsha mikasi, kusugua migongo ya wenye uchungu, na kunyamaza inapobidi. Sasa kulikuwa na nyumba moja, ya binamu yake, ambamo watoto walizaliwa wazuri, kisha wakalegea, wakakataa ziwa, wakafa. Alipozikwa wa tatu, Elmina aliuliza kwa nini. Akaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Akauliza tena mbele ya askofu, akaambiwa kwamba kutaka kujua kila kitu ni kiburi. Elmina hakuwa na ugomvi na Mungu hata kidogo. Alitaka tu mtu amweleze yule mtoto aliugua nini. Kwa swali hilo moja akaacha kwao.

Huko nje nako hakupokelewa kwa ngoma. Hakuwa na kitambulisho cha aina yoyote, na kila dirisha la ofisi aliposimama alitakiwa athibitishe kwamba yupo. Magauni ya kwao hufungwa kwa pini, kwa hiyo miezi ile ya mwanzo vidole vyake vilihangaika kutafuta pini kwenye blauzi yenye vifungo. Alivaa jinzi akahisi anatembea uchi, akarudi chumbani kuvaa sketi juu yake. Jokofu lilimnyima usingizi kwa kunguruma. Jumapili ndizo zilizomtesa zaidi. Kwao ni siku ya watu tele kwenye mabenchi, nyimbo zisizo na haraka, mikate yenye siagi ya karanga, na watoto wachanga wanaopita mkono hadi mkono. Mjini Wooster alikaa kitandani akisikiliza magari yakipita, akalia, akawatamani hata wale waliokuwa wakimteta.

Kwenye nyumba ya wazee alikofanya usafi huku anasoma, wenzake walimgeuza maonyesho.

"Eti kweli nyinyi hamjui umeme?" mmoja akamuuliza.

"Tunaujua vizuri," Elmina akasema. "Ndiyo maana tunaukwepa."

Wakacheka, na tangu hapo wakamzoea. Alisoma kwa shida, akajikaza, akawa muuguzi. Hata jibu la swali lake alilipata: ugonjwa ule ulikuwa wa kurithi, na ukigundulika mapema mtoto huokolewa kwa maziwa maalumu. Alikwenda kumweleza mama yake. Sevilla alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo wale watatu," akashindwa kuendelea. Siku hizi kila mtoto anayezaliwa katika nyumba ile Sevilla mwenyewe humwahisha kupimwa. Hata hivyo, kahawa ya Elmina iliendelea kutua mezani.

Aliyemkera hasa ni mdogo wake, Vernon. Huyu aliondoka kabla ya kubatizwa, kwa hiyo hakuvunja kiapo chochote. Anakunywa bia, amechora joka begani, gari ameshaliingiza mtaroni si mara moja, na akija nyumbani anakaa ubavuni mwa baba yake na kupakuliwa tambi na viazi vya kuponda kama bwana harusi. Elmina huwekewa kimeza chake karibu na jiko.

"Ungevuta subira usibatizwe," Vernon alimtania siku moja, shavu limejaa. "Haraka ilikuwa yako."

"Na wewe ungefunga mdomo ukitafuna," Elmina akamjibu kutoka huko jikoni.

Baadaye akaolewa na Todd, dereva wa lori la maziwa, Mwingereza. Kwao kila asiye Mwamishi ni Mwingereza, hata kama babu yake alitoka Polandi. Todd hajawahi kuliapia kanisa lao kiapo chochote, kwa hiyo mikono yake haina neno. Elmina humpa yeye sahani, naye humpa Sevilla.

"Mimi hapa ni forodha," Todd alisema. "Mzigo wowote lazima upitie kwangu."

Sevilla alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Elmina hakucheka.

Aliposhika mimba, alichoka kuyameza hayo yote. Akakata shauri: mtoto huyu hatapitia kwa Todd wala mezani. Ama mama yake atampokea kutoka mikononi mwake, ama ijulikane kwamba amemkataa. Akaenda shambani, tumbo mbele, akamkuta Sevilla anamenya matofaa na Menno anasoma gazeti.

"Mama, nataka unizalishe wewe."

Sevilla akamtazama mumewe.

"Kusaidia hakukatazwi," Menno akasema bila kuinua macho. "Malipo tu ndiyo usichukue."

"Nani kataja malipo, Baba Mina?"

"Nasema tu."

"Nitakuja, mwanangu," Sevilla akamwambia Elmina. "Todd anifuate kwa gari."

"Na mtoto utambeba?"

"Nisimbebe mjukuu wangu nina kichaa?"

"Nikikupa mimi, je?"

Kisu kikasimama. Kisha Sevilla akakata kipande cha tofaa, akakiweka kwenye sahani na kumsogezea.

"Kula," akasema.

Uchungu ulianza wakati Todd anakunywa chai, na baada ya muda Sevilla alikuwa ameshafika nyumbani kwao, mikono ya gauni ameikunja. Kazini hana mchezo. "Bado. Usisukume. Vuta pumzi. Nani kakwambia usukume? Unataka kunifundisha kazi?" Elmina, muuguzi mzima, alitii kama mtoto. Alimng'ang'ania mama yake shingoni, akamwaga jasho kwenye kofia yake nyeupe, akamwita kwa Kijerumani chao cha nyumbani ambacho Todd hakielewi. Jua lilikuwa utosini mtoto alipotoka, wa kiume, mkali wa sauti. Sevilla akamfuta, akamfunika, akampa Elmina. Todd alilia kuliko mtoto, kisha akatoka uani kumpigia simu mama yake.

Wakabaki wawili. Mtoto aliponyonya na kutulia, Elmina alimshika kwa mikono miwili, akamnyoosha mbele.

"Mpokee, Mama."

Mikono ya Sevilla iliinuka, ikafika katikati, ikarudi kwenye aproni.

"Mlaze, Mina."

"Simlazi. Mpokee."

"Mlaze hapo kitandani nimchukue."

"Humu ndani hakuna mtu. Nani atakuona?"

"Nitaulizwa, na nikiulizwa siwezi kuficha."

"Basi usifiche. Utapiga magoti, yatakwisha." Elmina hakuishusha mikono. "Umewapokea watoto wa bonde zima, Mama. Wa walevi, wa waliokusengenya. Huyu wangu ndiye mwenye ukoma?"

Sevilla akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na damu ya binti yake kwenye mkono wa gauni.

"Siku tulipomzika baba yako mdogo kulikuwa na baridi," akasema. "Ulinipa shali yako. Nikaipokea."

Elmina hakukumbuka hata kama aliwahi kuwa na shali.

"Watu waliona. Nikapiga magoti mbele ya kanisa. Hilo si kitu, magoti yangu yamezoea sakafu. Lakini magoti hayatoshi, mwanangu. Unaulizwa kama unajuta, na lazima uitike kwa mdomo wako. Nikasema najuta." Akamtazama mtoto. "Ilikuwa shali tu. Huyu nikimpokea kwako nitaulizwa vilevile. Nikisema sijuti, nami nitatengwa, baba yako atakula peke yake uzeeni. Nikisema najuta, nitakuwa nimesema mbele za Mungu kwamba naijutia siku niliyompokea mjukuu wangu. Shali niliweza, Mina. Huyu siwezi kumjutia. Hata kwa mdomo tu, siwezi."

Miaka yote Elmina alidhani mama yake anaogopa watu. Bado aliona kanuni ile ni ya kikatili, na hata leo ukimuuliza atakwambia hivyo. Huko uani Todd alikuwa anapaza sauti kwenye simu kueleza uzito wa mtoto. Angeweza kumwita. Hakutaka mkono wa mtu mwingine uingie kati yao.

Akainama, akamlaza mtoto kwenye shuka, kichwa amekikinga kwa kiganja kama alivyofundishwa na mama yake huyohuyo. Kisha akaondoa mikono, kwanza mmoja, halafu wa pili, na ilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa.

Sevilla alimnyanyua hapohapo. Alimfumbata kifuani, akamnusa shingoni, akaanza kulia kwa sauti, mwanamke ambaye hata kwenye makaburi hakuwahi kuonekana akilia.

"Asante," akamwambia binti yake.

Neno hilo Elmina hakuwa amelisikia kwa mama yake tangu atengwe, maana kushukuru nako ni kukiri kwamba umepokea.