Tochi ya Kwenye Bunduki

Mwaka jana, kwenye ghala la kahawa Kamachumu, muuzaji wa tochi alimfungia mlinzi mzee tochi mpya yenye leza ya kulengea kwenye bunduki isiyo na risasi ili aijaribu. Ndani mlikuwa giza. Mzee akawasha, na kidoti chekundu cha leza kikatua kwenye shati langu, kifuani, mimi niliyekuwa nikiingia. Akainamisha mtutu haraka.

“Kumbe ili nimtambue mtu, lazima kwanza nimlenge?”

“Ndiyo, mzee. Unamulika na kulenga kwa pamoja.”

“Basi ifungue. Hapa wageni ni wengi kuliko wezi.”

Akachukua tochi yake ya mkononi, akanimulika miguuni, kisha usoni taratibu, akanikaribisha kahawa ya kutafuna, buni kavu anazopewa mgeni kwa heshima. Nilizipokea kwa mikono miwili. Shati nililovaa siku ile halina tundu, na kila nikilivaa namshukuru mzee yule.