Remo Agoma Kuulisha Uvimbe

Remo Zandonà aliingia hospitali ya mjini na njaa yake, roho mkononi. Madaktari walikuwa wameona uvimbe wa kansa kwenye pafu lake la kushoto, na sasa mashine ya picha ingeonyesha kama umebaki hapohapo au umetawanyika. Ukiwa umebaki, atapasuliwa. Ukiwa umetawanyika, basi tena. Aliambiwa asile chochote tangu usiku, na Remo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuamrishwa na mtu isipokuwa kiwanda cha sukari, akatii.

Muuguzi Colleen akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akakunja uso.

"Mzee Remo, umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Sukari imepanda hivi yenyewe?"

"Hajala!" mkewe Pia akadakia. "Kabati la mikate nimelifunga mwenyewe. Kimashine chenu hicho kibovu."

Remo alichanganyikiwa. Au kansa yenyewe ndiyo inatengeneza sukari? Colleen akamwambia afungue mdomo. Nyuzi za muwa zilikuwa zimemnasa kwenye meno.

"Na hizi?"

"Ah, hizo! Hapo sijala, nimeonja tu."

Na wala hakuwa anadanganya. Huku kwetu bonde la Herbert, kwenye mashamba ya miwa, mavuno yakikaribia, mkulima hupita shambani alfajiri, akakata muwa hapa, akakata kule, akatafuna kujua kama utamu umefika. Kiwanda kina vipimo vyake, ndiyo, lakini kamwambie hivyo mtu wa ukoo wa Zandonà uone utakavyotukanwa. Babu yao aliyetoka Italia kuja kukata miwa alionja, baba yao akaonja, na hakuna aliyewahi kusema amekula. Hata Pia alimwona mumewe akirudi na panga asubuhi ile, wala hakushtuka.

"Sikia mzee," Colleen akasema. "Tunakudunga sukari yenye mionzi kidogo. Kansa ni mlafi wa sukari kuliko sehemu nyingi za mwili, kwa hiyo pale ilipo panawaka kwenye picha. Ukija umeshajaza sukari yako, yetu itapita wapi? Rudi nyumbani, tutakupangia siku nyingine."

Siku nyingine haikuwa karibu, maana mashine ile ilihudumia watu wa kaskazini nzima. Na neno lile, mlafi wa sukari, lilimkaa Remo kichwani likagoma kutoka. Tangu utotoni alikuwa akilima sukari, akiila, akijivunia. Kumbe alikuwa anamfuga adui! Kwanza akaacha sukari kwenye kahawa. Halafu matunda, halafu mkate, halafu tambi. Mwishowe akawa anakunywa mchuzi mtupu na kumkodolea macho mkewe.

"Kula, Remo."

"Nikila mimi, anakula na yeye."

"Yeye nani?"

Remo akajigusa kifua.

"Ehee! Kwani mimi nimeolewa na nani, wewe au huyo? Kula bwana, usinitie wazimu!"

Hakula. Suruali zikaanza kumvuka, naye akafurahi, akidhani uvimbe nao unakonda. Masikini Remo.

Siku aliyopangiwa ilipofika, picha ikatoka vizuri. Daktari Pham akawaonyesha: doa moja tu linalowaka, kwenye pafu. Halijaenda popote. Pia akalia kwa sauti, kwa furaha. Kisha daktari akampima Remo uzito, akampima tena.

"Siwezi kukupasua hivi ulivyo, mzee. Huna nguvu. Nani alikuambia ushinde njaa?"

"Si mnasema inakula sukari?"

"Inakula. Seli yenye afya huichoma sukari polepole mpaka iishe. Ya kansa ina pupa. Inanyakua nyingi, inaichoma juujuu hata kama hewa ya kuimalizia ipo tele, na nyingine inaitumia kujengea seli mpya."

"Basi nikiinyima..."

"Huwezi kuinyima. Usipokula, mwili unavunja misuli yako utengeneze sukari. Yenyewe inachota humo humo. Anayelala njaa ni wewe."

Remo akapiga hesabu. Akila, inakula. Asipokula, inamla yeye. Alimtazama Pia, akamtazama daktari.

"Ongeza uzito kwanza," daktari akasema. "Haraka. Hatuna muda wa kuchezea."

Kwenye mkahawa wa hospitali Pia alimwekea sahani ya wali na kuku, akakaa mbele yake, mikono mezani, macho mekundu. Remo akajaza kijiko, akakipeleka mdomoni. Alitafuna machozi yakimtoka, akameza, akajaza kingine, bila kujua anamlisha nani.