Rangi Alizozitaja Nereah

Saa kumi na mbili na nusu jioni, nyuma ya maduka ya Tororo. Luke Ofwono anamaliza pindo la suruali, anakata uzi kwa meno, kisha anawasha televisheni iliyo juu ya kabati la vitambaa. Utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Picha inapotulia, anatokea mpelelezi wa kila wiki, amesimama mlangoni na bastola.

"Tazama huyo," anasema Ofwono. "Wiki ya nane sasa, suruali ni ile ile. Mshahara wake anapeleka wapi?"

Ukitaka kujua nani kaigiza vizuri, kaulize kwingine. Ofwono, mzaliwa wa Petta mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, anahukumu filamu kwa mshono. Filamu za wapanda farasi anaziheshimu, maana mtu anaruka kutoka ukutani hadi kwenye tandiko na suruali haichaniki. Mchezo wa hospitali uliosifiwa mji mzima mwezi uliopita aliukataa katakata. Daktari aliingia chumbani amefunga vifungo vitatu, akageuka, vikawa viwili.

Na ile filamu ndefu ya wafalme wa kale? Alicheka mpaka akajichoma sindano. "Hayo ni mashuka," alisema. "Fundi wao alikwenda likizo."

Televisheni aliinunua mwaka 1964 kwa mhandisi wa kiwandani aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Iligharimu akiba ya miaka mitatu ya kushona sare za shule, na majirani walisema akili zimemruka. Waliacha kusema walipoona wanawake wanafurika kwake kila Ijumaa. Walikuja kutazama magauni. Mtu akilipenda moja, Ofwono alilichora papo hapo kwa chaki, na baada ya wiki mbili linavaliwa kanisani. Shilingi ishirini na tano, kitambaa juu yako.

Lakini televisheni ile ni ya picha nyeusi na nyeupe. Mshono unauona, rangi huioni. Fundi atanunua kitambaa gani?

Hapo ndipo alipoingia Nereah, mkewe, binti wa Busia upande wa Kenya. Nereah hakujua kushona hata kifungo. Alikaa pembeni na sinia lake la njugu, akimenya, na gauni likitokea wote walimgeukia. Alisema bila kusita: hiyo ni rangi ya papai. Hiyo ni maji ya mto siku ya mvua. Hiyo ni ngozi ya mbilingani. Hakuna aliyembishia, na Jumatatu Ofwono alipanda basi kwenda Busia kununua alichoambiwa.

Enzi hizo, jamani! Mwandishi huyu alipita Tororo mwaka 1966, akakuta waumini wanatoka ibadani wamependeza mno. Hakujua kwamba alikuwa akitazama kazi ya mwanamke mmoja mwenye sinia la njugu.

Nereah alifariki mwaka 1967, baada ya homa ya siku nne. Wateja wa Ijumaa wakapungua, kisha wakakoma. Ofwono akarudia sare za shule.

"Watu wanasema mimi ndio nilikataa kushona magauni," anasema. "Sikukataa. Nawasha seti, naona majivu tu. Yeye alikuwa anaona kitu mimi sioni."

Mwezi uliopita, Peace Abbo, mwalimu kijana kutoka Paya, alibisha hodi. Anaolewa mwezi huu wa Agosti mwaka 1969. Nguo nyeupe ya kanisani anayo. Alichotaka ni gauni la karamu, lile alilolipenda hapo hapo miaka mitatu iliyopita, ambalo katika filamu moja ya baharini mchumba wa nahodha anavaa akishuka ngazi. Nereah alilitaja siku hiyo kuwa rangi ya papai, tena akanunua mwenyewe yadi sita za kitambaa, akaziweka sandukuni zisubiri siku Abbo atakapoolewa.

Ofwono alikitoa kitambaa, akakitandaza mezani, akashika mkasi. Siku hiyo hiyo ukumbi wa sinema wa mjini ukabandika tangazo: filamu ile ile ya nahodha, Jumamosi saa tisa alasiri, kwa rangi zake zote.

Abbo alifurahi, akasema waende wakaone kabla ya kukata. Ofwono akaweka mkasi chini. Alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili. Mwandishi alipomuuliza sababu, alijibu akiwa ameinama.

"Kama alikosea, mimi nitabaki na nini?"

Hata hivyo alikwenda, shingo upande, amevaa koti lake la harusi. Saa nzima hakutoa kasoro yoyote ya mshono, jambo ambalo wanaomfahamu hawatalisadiki. Ngazi zikaonekana. Mchumba wa nahodha akatokea juu, akaanza kushuka.

Gauni lilikuwa la kijani. Kijani kizito cha chupa, wala hukuhitaji kukaza macho.

Ofwono alivua kofia, akaiweka magotini. Alilia kimyakimya, na mwandishi, aliyekaa nyuma yao, haoni haya kusema kwamba naye alitoa leso.

Nje, kwenye jua, Abbo alikuwa wa kwanza kusema. Alimkumbusha kwamba filamu ile ilirudiwa kwenye televisheni mwaka ule ule, na Sista Asio, muuguzi wa hospitali, akalipenda gauni lile lile.

"Mzee, yeye Asio, mama Nereah alimwambia ni bluu," alisema. "Mimi nilikuwepo. Nilifikiri amesahau."

Ofwono alisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akampigia kengele. Gauni la Asio alilishona kwa mikono yake. La bluu. Halafu akataja mengine aliyoshona kwa mchoro mmoja na rangi mbili, huku akihesabu kwa vidole.

"Kumbe hakuwa anatazama seti," alisema polepole. "Alikuwa anatazama nyinyi. Anaona Asio alivyo, anachagua. Anaona wewe, anachagua. Miaka hiyo yote, mimi nafikiri anasoma picha!"

Akaanza kucheka, na machozi hayajakauka. Alicheka hadi akashika ukuta wa ukumbi. Abbo alimsubiri atulie, kisha akamwambia akate kitambaa cha papai.

Jumatatu Ofwono alikikata. Juzi Abbo alikuja kulijaribu gauni, na mwandishi aliyetazama kutoka mlangoni hana la kuongeza, isipokuwa kwamba kijani kile kisingemfaa kabisa.

Ofwono ameshawatumia habari wateja wake wa zamani, mpaka Buteba, kwamba Ijumaa mlango utakuwa wazi. Amenunua na njugu. Aliulizwa kama ataweza kazi ya Nereah, yeye ambaye kwa miaka yote alitazama mishono tu.

"Nitakosea sana mwanzoni," alisema. "Lakini wakikaa, nitawatazama. Mmoja mmoja, kwa uso. Hiyo sijawahi kufanya."