Mifuko ya Samaki Chini ya Miguu ya Mama Mukwe

Shule minye niliacha mwaka wa pili, na sababu ilikuwa samaki. Nilikuwa naishi kwa nkambo, mama ya mama yangu, kule Tshangalele pembeni ya ziwa, alikuwa anakausha samaki ku moshi, na minye nilikuwa nalala mu kile kinyumba cha moshi juu ya joto yake, basi asubui mwalimu alikuwa anajua na pua nimefika, mbele ya kupita mulango. Akanikalisha ku dirisha, kiisha inje ya dirisha, na kule inje njo nilibakia mupaka leo. Ile haya ilipashwa kunifundisha kitu. Haikunifundisha, njo maana niko na hii ingine, yenye sijasimulia hata bibi yangu (ule niko naye sasa, hapana ule nilitaka kuoa).

Ilikuwa ile miaka kazi ilikufa mu Likasi, muntu analamuka, anavaa bote za kazi, anazunguka nyumba yake, anarudi kulala. Minye nilikuwa na kagari. Eshapema yake, ile tuyo, bomba ya kupitisha moshi, ilianguka mu njia, na juu ya ingine haikuwa ya kununua, fundi mumoja wa Kikula akanisudia na moto ingine ya tuyo ya maji, nene sawa paja. Toka pale, ukikohoa mu gari, hausikie, unajua tu juu kifua kinauma.

Sasa nilikuwa naposa Veronika. Famili ilikubali, ikabakia neno ya mama yake, na ule mama balimuambia kama minye ni muntu wa makelele. Alikuwa Kakanda kwa dada yake. Bajomba bakasema, weye uko na gari, umufwate siku ya Mungu, ile Jumapili, akifika atatuambia kama anakutaka.

Munaona mateso? Kwetu mama mukwe haumuangalie mu macho, haukule naye, haumukatalie neno, na zaidi ya yote haumupazie sauti. Na mu kale kagari, bila kupaza sauti, hata «jambo mama» haifiki ku kiti cha nyuma.

Dada yangu alikuwa anauzisha samaki ya kukausha, alikuwa na mifuko mingi ya bure, haina kitu ndani. Nikaifula, nikaanika, nikanusa: hakuna kitu. Nikaikunja, nikaitandika chini mu gari yote, juu yake bulangeti, na tundu zote nikaziba na matambara. Nikawasha. Makelele ikabakia sawa mashini ya kusaga ya jirani, hapana ya kwako. Nikajiita injenieri.

Kakanda, mama akapanda nyuma, akaangalia ku dirisha vile inapashwa. Nikasema polepole «jambo mama», akaitika polepole. Nikaona ndoa imefungwa. Lakini ule fundi alipitisha tuyo karibu sana na chini ya gari, tuyo ikapata joto, mifuko ikapata joto, na harufu ikapanda, samaki ya kuchoma, ile yenyewe ya nkambo. Jasho ikanitoka. Nitasema nini? Kama ni minye ninanuka? Na kama atafikiri ninasema ni yeye? Naye akavuta pua, mara moja, mara mbili, akasema akiangalia milima:

— Mukwe, kumbe uko muntu wa roho muzuri.

Sikufahamu. Nikaitika:

— Ndiyo mama.

— Siku mingi nyumba yetu haione samaki. Ni makubwa?

Pale njo nikafahamu. Lakini mama mukwe haumukatalie.

— Ndiyo mama.

— Itatosha na majirani?

— Ndiyo mama.

(Kilometa mingi zilikuwa bado mbele yetu, na minye naendesha tu na zile ndiyo zangu tatu.)

Kufika kwao, akashuka sijazima hata motere, na mambo ikaenda mbio kunipita. Makala ikawashwa, maji ya bukari, njo ugali, ikatelekwa, jirani mumoja akaleta sahani yake mwenyewe, paka ikaingia chini ya gari ikakatala kutoka. Veronika akakuja na beseni kubwa, anacheka, akaniambia nifungue nyuma. Nikafungua. Mulikuwa pine moja, mupira wa gari, na nyundo. Akaangalia pine, akaniangalia minye. Na mu nyumba nikasikia mama anawaambia bajomba, polepole, na furaha:

— Balinidanganya. Ule kijana hana makelele hata kidogo. Minye namutaka.

Veronika akauliza, chini-chini:

— Samaki iko wapi?

— Niko nakuja, nikamuambia.

Nikashika njia ya soko, nikitembea sawa muntu mwenye anaenda kununua, na siku ya Mungu soko yetu ilikuwa inafungwa, kila muntu anajua, Veronika pia. Nikajiapia mu njia kama gari ikilia nitaiacha ilie, na mama mukwe mwingine nitamukatalia neno ya kwanza. Gari ilibakia pale, kifunguo ndani, mulango ya nyuma wazi. Nikafika ku soko. Nikaipita.