Mche Mmoja kwa Siku ya Shule

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa nafagia bustani ya nyumba ya wageni huku Durban, kibarua changu cha mwezi huu, nikakanyaga majani fulani membamba. Harufu ya kitunguu saumu ikapanda. Niliacha ufagio hapohapo. Pua ilikuwa imenirudisha Johannesburg, mtaa wa Jeppestown, kwenye chumba tulichopanga mimi na shangazi, cherehani yake ikilia tangu alfajiri na maharage yakitokota kando.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Shangazi alikuja na mbegu kutoka kwetu Bukavu, akajaza lengalenga na maboga uwanja mdogo wa nyuma. Mvua ziliponyesha, tulikula mboga hadi tukagawia majirani. Kisha ikaja Juni ya 2016, katikati ya majira ya baridi ya kule. Asubuhi moja tulikuta umande umeganda juu ya majani kama chumvi, na kufikia mchana kila kitu kilikuwa cheusi.

Mwenye nyumba, bibi wa Kizulu ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani nyanya kwa lugha yake, alitoka na kikombe chake cha chai, akatazama.

"Eish, mama. Nakupa mwaka mmoja. Julai ijayo nikikuta pamekufa tena, namwaga zege, watu waegeshe magari."

Shangazi alirudi kwenye cherehani yake. Alishona siku nzima bila kuimba, na hilo lilinitisha kuliko zege. Nikaamua kutafuta mimea ya hapahapa, iliyozoea baridi hii.

Kuzurura nilikuweza kuliko daftari. Shangazi akidhani niko darasani, nilitembea hadi kwenye kitalu cha miche upande wa Sandton, kwa matajiri, ambako bei zilinirudisha mlangoni. Nikaenda kwa wauza dawa za mitishamba mjini. Wao walikuwa na mizizi tu, mikavu kama kuni. Oktoba jiji zima likawa zambarau kwa maua ya mijakaranda, nikajiona mjinga. Mti gani ungekuwa mwenyeji kuliko ule? Niling'oa miche sita kando ya reli, nikaifikisha nyumbani kwa fahari.

Gogo alicheka hadi chai ikamwagika.

"Huo mti nao ni mgeni! Ulikuja kwa meli kutoka Amerika Kusini. Tofauti yenu ni kwamba wenyewe hauulizwi kibali cha kuishi nchini."

Shangazi alicheka naye mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Mwalimu wako wa sayansi ana mimea ya kwetu nyuma ya madarasa," Gogo akaniambia. "Au umesahau shule iko wapi?"

Shangazi akaacha kucheka. Viboko vya siku hiyo sitavieleza.

Kesho yake nilisimama mbele ya mwalimu, nikamwomba miche.

"Mwezi huu umekuja mara ngapi?"

"Hii ya tatu, Mwalimu."

Alinitazama, kisha akachomoa mche wenye harufu ya kitunguu saumu, akaufunga kwenye gazeti. "Siku ukija, unapata mmoja. Usipokuja, hupati."

Rafiki yangu, sijawahi kusoma namna ile! Hata mafua hayakunizuia. Nilirudi na shubiri, nikarudi na vipande vya kichaka chenye majani manene machachu tuliyotafuna njiani, nikarudi na nyasi ambazo shangazi aliziita uchafu hadi zilipotoa maua. Alipanda kila kimoja mwenyewe, uzi ukiwa bado shingoni.

Julai ilipofika, Gogo aliingia na fundi wa zege, futi mkononi. Akasimama. Shubiri zilikuwa zimewaka rangi ya chungwa, na vindege vyenye midomo iliyopinda vilining'inia humo vikinyonya asali.

"Kunja hiyo futi," akamwambia fundi. "Utakanyaga maua yangu."

"Maua ya nani, Gogo?" shangazi akauliza dirishani.

"Ardhi ya nani?"

"Na mgongo ulioinama ni wa nani?"

Walibishana hivyo majira yote ya baridi, wakiota jua pamoja, cherehani ikiwa nje, shangazi akiimba na Gogo akimkosoa sauti.

Shule niliiacha miaka miwili baadaye; miguu iliniwasha. Gogo amefariki, shangazi amerudi Bukavu, nyumba imeuzwa na kuzungushiwa ukuta mrefu kuliko mimi. Mimea ile naikuta karibu kila mji ninaopita. Watu wawili wakigombea maua kwa raha namna ile, sijawakuta tena.