Zahoro Ateuliwa Kupinga Umeme

Zahoro wa Mkwiro hajawahi kumkatalia mtu kitu. Ukimwomba jembe atakuletea mpaka mlangoni, na akikukuta umelala atakulimia. Ndiyo maana sisi majirani zake, kwa akili zetu fupi, tulimteua yeye apinge umeme.

Aliyetutia katika balaa hili ni Bwana Kalama, afisa wa mradi wa umeme wa jua. Alikuja kisiwani kwetu kutuuliza kama twautaka, tukajibu ndiyo kwa sauti moja hata kabla hajamaliza salamu. Uso ukamshuka.

"Mukikubali nyote, wakubwa zangu hawataamini kuwa niliwauliza," alisema. "Lazima awepo mwenye maoni tofauti. Hata mmoja."

Tukamtazama Zahoro. Hakukataa.

Aliyeudhika ni mkewe, Mwanatumu. Ana friji aliyoinunua hoteli moja ya Diani ilipofungwa, ikavushwa kwa mashua, na tangu hapo anaitumia kuwekea leso zake za kujifunga. Hamu yake ni kuuza barafu za ukwaju.

"Baba Ummi," alimwambia, "pinga kidogo tu. Usije ukaniharibia."

Masikini, Zahoro hajui kufanya jambo nusu. Kwenye mkutano wa pili, ule wa kuamua, alisimama, akatoa salamu, akauliza: "Wageni huaga kiza kikiingia. Taa zikiwaka, mashemeji zenu wataondoka saa ngapi?"

Mimi nina shemeji kule Tiwi, nikaanza kutokwa na jasho.

"Na sasa twala kizani, hakuna ajuaye jirani kala nini. Umeme ukija je?"

Hapo hata imamu alikuna ndevu. Bwana Kalama alipoomba wanaoutaka umeme wainue mikono, mikono yote ilibaki mapajani, wangu ukiwemo. Uliinuka mmoja tu: wa Zahoro, aliyemkumbuka mkewe.

Bwana Kalama alifurahi kupita kiasi. "Alhamdulillahi, mwenye maoni tofauti tumempata," akasema, akafunga mkutano.

Nilimsindikiza Zahoro kwake, kwa huruma na kwa aibu. Mwanatumu hakuwa amekuja mkutanoni. Alikuwa ameshazitoa leso zote, na friji ameisugua mpaka inang'aa. Alimtazama mumewe usoni, kisha akaketi.

Zahoro aliichukua leso moja kitandani, akaikunja, akairudisha ndani ya friji. Na alivyo yeye, alizikunja zote.